Kabla Hujaizima Seva Ili Uipime

Seva ikianza kugandaganda, kila mtu ofisini, kuanzia mhasibu hadi askari wa getini, atakupa ushauri ule ule: izime uiwashe. Mara nyingi si ushauri mbaya. Ila seva si simu. Kuizima ili ijipime vifaa vyake inapowaka ni kazi inayotaka maandalizi, na maandalizi hayo mimi niliyajua nikiwa nimepiga magoti sakafuni katika ofisi ya shule moja ya bweni nje ya Kisumu, wazazi wakinichungulia dirishani. Nitaifikia hiyo. Tumalize kwanza yaliyo mepesi.

Nakala rudufu unayo? Iko wapi? Kama iko ndani ya seva hiyo hiyo, basi huna. Acha kusoma hapa, nenda ukaitoe, halafu ufungue faili mbili tatu uone kama zinafunguka kweli.

UPS nayo, ile betri inayoshika seva stima ikikatika, usiiamini kwa sababu taa yake ni ya kijani. Chomoa waya wake ukutani siku moja kabla, wakati hakuna kazi ya maana inayoendelea, uhesabu dakika. Sisi wa kando ya ziwa tunajua kwamba radi ya alasiri haibishi hodi. Stima ikipotea katikati ya kipimo cha RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, hasara yako ni muda tu. Ikipotea wakati unasasisha programu ya ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vya ndani, unaweza kubaki na bati la kuegeshea mlango.

Sasa muda, na hapa ndipo mafundi tunapodanganya wateja. Ukiulizwa "itachukua saa ngapi?", usiseme nusu saa ili mradi umfurahishe mtu. Kipimo cha RAM hujaza kila nafasi ya kumbukumbu kwa mpangilio fulani wa namba, huisoma tena, hubadilisha mpangilio, hurudia, na kazi yote hiyo hufanywa kwa mizunguko kadhaa. GB 64 hazipimwi wakati wa chai. Diski ina jaribio fupi, la dakika mbili hivi, na refu linalosoma uso wote. Piga hesabu mwenyewe: diski ya TB 4 inayosoma MB 150 kwa sekunde itakula saa saba na zaidi. Anza Ijumaa jioni. Ukianza Jumatatu asubuhi, kila anayepita atasimama nyuma yako akikuuliza kama imerudi.

Waambie pia watu wa ofisi mambo mawili. La kwanza ni kelele: seva nyingi zikiwashwa hupuliza feni zote kwa nguvu zote kwa muda, unaweza kudhani ndege imeshuka uwanja wa Kisumu na kuja kuegesha chini ya meza. Ni kawaida. La pili ni giza. Seva yenye RAM nyingi, hasa ukiwa umebadilisha kipande kimoja, inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi tii kabla haijaandika hata herufi moja. Inazoea kumbukumbu yake. Nimemwona karani mwema kabisa akibonyeza kitufe cha kuzima mara tatu kwa sababu "imekufa", na kila mara ikaanza safari upya. Mwekee karatasi juu yake: USIGUSE.

Halafu ujue ni kipimo gani hasa unachokitaka. Tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mashine hizi hujikagua kila zikiwashwa, na wazee wa kazi wanakumbuka namba za kumbukumbu zikihesabiwa kwenye skrini. Siku hizi, katika menyu ya BIOS, ile programu ya ubao mama inayoamsha mashine, mara nyingi kuna mpangilio wa kuwasha haraka, na kazi yake ni kuruka sehemu kubwa ya ukaguzi ule. Kwa hiyo seva inayowaka bila kulalamika haijathibitisha lolote. Ondoa huo mpangilio kabla ya kipimo, na kama kuna kipimo kirefu cha kumbukumbu ndani ya menyu, kiwashe. Ukimaliza, amua mwenyewe kama utaurudisha. Mimi siurudishi.

Kwa RAM ya ECC, ambayo ndiyo ya seva nyingi, kuna mtego. RAM hiyo hujirekebisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili. Kipimo kinaweza kukuambia "hakuna makosa" huku kipande kibovu kikiwa kinarekebishwa kimyakimya usiku kucha. Makosa hayo huandikwa kwenye kumbukumbu za matukio za seva yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuanza, ingia humo, hifadhi yote yaliyoandikwa, kisha ufute. Asubuhi utakachokikuta ni cha usiku huo, si cha mwaka juzi.

Safisha kabla ya kupima, usipime kabla ya kusafisha. Joto la Kisumu peke yake ni mzigo, ongeza vumbi, ongeza wale wadudu wa ziwani wanaoingia usiku wakifuata taa na kufia kwenye feni hadi wakawa kama blanketi. Seva iliyoziba pua itashindwa kipimo kwa sababu ya joto, nawe utanunua RAM isiyohitajika. Lakini kusafisha ni lazima uchomoe waya wa stima. Na mimi niliumia hapo hapo, kwenye kuchomoa waya.

Shule ile ilikuwa na seva ya mnara, chini ya meza ya bursa, mama mtunza fedha wa shule, inayobeba hesabu za karo. Ilikuwa inaganda mara mbili tatu kwa wiki. Nilishuku RAM. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa nikaenda jioni, nikaizima vizuri, nikachomoa waya, nikaitoa nje barazani nikaipuliza. Vumbi lililotoka lingetosha kupanda mboga. Nikairudisha, nikawasha. Ikalia, ikaandika kwamba mipangilio imepotea, tarehe ni Januari mosi ya mwaka ambao hata ubao ule ulikuwa bado mpya, bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza F1. Sikusoma mara mbili. Nikaweka flashi ya kupimia RAM nikaenda kulala.

Asubuhi RAM ilikuwa salama. Nikatoa flashi, nikawasha tena, mfumo ukakataa kuamka. Sasa elewa seva ile ilivyopangwa: diski nne za GB 500, zimeunganishwa kwa RAID 5, njia ya kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na muungano huo ulisimamiwa na ubao mama wenyewe, si kadi ya pembeni. Mpangilio wa kuambia ubao "hizi diski ni RAID" uliishi katika BIOS. Na BIOS ilikuwa inakumbuka mambo yake kwa betri ndogo ya duara, ile CR2032 ya volti 3, ambayo ilikuwa imekufa zamani bila mtu kujua. Kwa nini bila kujua? Kwa sababu miaka yote hiyo seva haikuwahi kukosa stima. UPS ilishika dakika chache, jenereta ya shule ikapokea. Mtu wa kwanza kuinyima stima kabisa nilikuwa mimi, na brashi yangu.

Kwa hiyo mipangilio ilirudi ya kiwandani, na ya kiwandani haikuwa RAID. Diski nne zikawa yatima, kila moja peke yake. Hapo bado hakuna kilichoharibika. Sikiliza vizuri: hapo bado data yote ilikuwa salama.

Nikaingiza flashi ya uokoaji. Ikaniambia diski ya kwanza, ya GB 500, ina mgao wa TB 1.4. Fundi aliyelala vizuri angesimama hapo ajiulize: debe linabebaje pipa? Mimi nilikuwa na bursa mlangoni, na nje lori la kwanza la vitanda lilikuwa linaingia. Programu ya kurekebisha ikauliza, "Kuna hitilafu, nirekebishe?" Nikajibu ndiyo. Ikarekebisha. Kwa ubishi nikaipeleka na diski ya pili.

Saa nne asubuhi nikampigia rafiki yangu wa Nakuru, anayefanya kazi hizi tangu enzi za disketi. Hakunisalimu hata. "Umeangalia kama BIOS bado inasema RAID?" Nikaangalia. Haikuwa inasema RAID. Nikabadilisha mstari mmoja, nikawasha, na muungano ukatokea mbele yangu, diski nne zote kijani, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Mfumo ukaanza kupanda, ukafika nusu, ukaanguka. Nilikuwa nimeshaandika juu ya diski mbili vitu ambavyo wenzao hawakuvijua. Katika RAID 5 ukipoteza diski moja unasamehewa. Ukizichafua mbili kwa mkono wako, nani akusamehe?

Nakala rudufu ilikuwepo, ya wiki tatu nyuma, kwenye diski ya nje aliyokuwa nayo bursa nyumbani. Wiki tatu hizo ndizo wazazi walizokuwa wakilipa karo ya muhula. Kilichotuokoa ni vitabu vya risiti vya karatasi ya kaboni. Usiku nne nilikaa kando ya yule mama nikimsomea namba. "Fundi, wewe soma, mimi naandika," aliniambia usiku wa kwanza, "na usiruke hata moja." Sikuruka. Malipo yangu sikuyadai.

Betri yenyewe niliinunua Kondele, bei ya soda.

Kwa hiyo sasa sheria zangu ni hizi, na sizijadili. Kabla ya kuzima, nunua betri mpya, iwe mfukoni. Washa seva upya mara moja ikiwa bado kwenye stima, ingia BIOS, piga picha kila ukurasa kwa simu. Kila ukurasa, hata ule unaodhani hauna maana: hali ya diski, mpangilio wa kuwaka, tarehe na saa. Kama kuna kadi ya RAID, piga picha ya menyu yake pia. Bandika namba kwenye kila diski kulingana na tundu lake kabla hujaichomoa, kwa kalamu isiyofutika. Picha zisikae kwenye simu yako tu, zitume kwa mtu mwingine. Ukikutana na ujumbe wa F1, usibonyeze. Usome hadi mwisho, uuandike, ndipo ubonyeze. Na saa ikiwa imerudi nyuma irekebishe kabla mfumo wa hesabu haujafunguka, la sivyo utapata risiti zilizolipwa kabla mtoto hajazaliwa.

Programu ya kupima ikikuuliza kama irekebishe, jibu ni hapana. Kupima ni kusoma. Kurekebisha ni kuandika, na hizo ni siku mbili tofauti. Kuna majaribio ya diski yanayoandika juu ya kila kilichomo ili kuona kama kinashika. Ni mazuri kwa diski mpya kabla hujaipa kazi, ni msiba kwa iliyo na kazi. Soma menyu polepole, utafute neno lolote linalohusu kuandika au kufuta. Usipolielewa, ghairi.

Angalia pia mipangilio miwili ambayo watu huigundua saa nane usiku. Mmoja unaamua kama seva itajiwasha stima ikirudi au itabaki imezima mpaka mtu aje. Mwingine unaamua kama itasimama kumngoja mtu abonyeze F1 ikiona kosa dogo, hata kama kosa lenyewe ni kibodi kutochomekwa. Zahanati isiyo na fundi usiku inataka ijiwashe na iendelee, huku kosa likiandikwa. Chumba chenye watu saa zote kinaweza kusimama. Chagua kwa kujua.

Diski za zamani nazo ziheshimu. Diski iliyozunguka miaka mitano bila kusimama inaweza kukataa kuanza tena ikishapoa. Kabla ya kuzima tazama taa zake zote. Ikiwepo hata moja ya rangi ya chungwa, usizime chochote mpaka ujue ni ya nini, kwa sababu huenda moja ilishakufa na muungano unatembea kwa mguu mmoja.

Kama seva ina pawa saplai mbili, chomoa moja ikiwa inafanya kazi, uone kama nyingine inabeba, kisha ugeuze. Zisichomekwe zote kwenye ekstensheni moja, nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Usifungue kifuniko mvua inaponyesha na bati linavuja. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Hesabu skrubu ulizotoa. Mwambie anayepiga deki asipite na ndoo upande huo mpaka Jumatatu. Funga mlango wa ofisi, maana mtoto wa mtu ataingia kuchaji simu. Na chai ipelekwe meza nyingine, hata kama ni ya mkuu wa shule.