Kuchagua mada ya kitabu cha maarifa cha watoto

Mfano hapa ni kitabu cha picha cha kurasa 32, kwa watoto wa darasa la nne hadi la sita.

1. Anza na kitu, si somo. "Mazingira" na "afya" wameshayakinai darasani. Chukua kitu chenye umbo: jahazi, kichuguu, mfupa.

2. Kigeuze kiwe swali. Hapa ndipo miswada mingi hufia. "Dinosaria" haina mwisho. "Mjusi wa Tendaguru", yule dinosaria aliyefukuliwa Lindi, ni afadhali, ila bado ni jina tu: utajikuta unapanga urefu, uzito na chakula kama kamusi. Sasa uliza: mifupa mikubwa vile ilitokaje Lindi ikafika Berlin? Swali hilo lina mwendo. Kuna uchimbaji wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913, kuna msimamizi Boheti bin Amrani na mamia ya vibarua, kuna wapagazi waliotembea siku kadhaa hadi bandarini.

Kisha lipime. Kurasa 32, toa 4 za jina la kitabu na hakimiliki, zinabaki 28, yaani jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Chora vyumba 14 kwenye karatasi, kwa penseli; kwenye kompyuta orodha hurefuka bila kukuumbua. Kila chumba kipate sentensi moja inayochoreka. "Ugunduzi huu ulikuwa muhimu kwa sayansi" haichoreki. "Mfupa unafungwa kwa mianzi usivunjike njiani" mchoraji anaanza kazi leo.

Ukikwama kwenye chumba cha 7, hiyo ni makala ya gazeti, usiivute. Ukivuka 20, umebeba vitabu viwili. Wala usijidanganye: vyumba viwili vyenye jambo lilelile ni kimoja, na "utangulizi" si chumba.

3. Kagua vyanzo kabla mada haijakunogea. Angalau viwili visivyonakiliana. Angalia pia vimeandikwa lini: vya zamani humwita mjusi huyu Brachiosaurus, siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Kimo cha mifupa iliyosimamishwa Berlin, mita 13 na ushee, hakichakai upesi. Idadi ya watu au bei ya kitu itachakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani, iache.

4. Wasomee watoto watatu lile swali. Swali tu, bila maelezo. Usiwaulize kama wamelipenda, maana watakuitikia kwa adabu. Nyamaza, kisha andika wanayouliza wao, kwa maneno yao. Hivyo ndivyo vyumba ulivyovisahau. Akitokea wa kuuliza kwa nini mifupa haijarudishwa Lindi, usimkwepe. Futa chumba kilicho dhaifu kuliko vyote, hilo liweke la mwisho.