SOMO: Makala ikisema saiti ya kompyuta za zamani "haipo tena", hakikisha hivi kabla hujaamini

Wakuu habari za jioni, niko Moshi huku Pasua, umeme ndo umerudi sasa hivi nikaona niandike hili somo kabla sijalala maana wengi mmenifuata inboksi kuniuliza hilo.

Kwanza kilichonikuta. Mwaka juzi nilipata Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, pale Kiboriloni kwenye rundo la vyombo vya mtumba, plastiki imeshageuka njano lakini vitufe vyote vipo, muuzaji akataka elfu arobaini nikampa bila kubishana. Nikaingia mtandaoni kutafuta namna ya kuiwasha salama, kila mahali wanataja saiti moja ya wapenzi wa hizo mashine, nikaisoma kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni na kwenye kile kiboksi cha pembeni wameandika hali: haipo tena. Basi nikaachana nayo, nikachomeka adapta iliyokuja na mashine, nzito kama tofali. Sasa ile adapta inatoa volti 5 za DC na volti 9 za AC, regyuleta yake (kile kifaa cha ndani kinachoshikilia volti zisipande) ikichoka ile 5 inapanda na inaenda moja kwa moja kuchoma chipu za memori. Skrini nyeusi tii. Miezi miwili baadae nagundua saiti iko hai kabisa, ilihama anwani tu, na onyo la adapta liko juu ya peji ya kwanza. Iliniuma sana jamani, mpaka leo inaniuma.

Ndo maana nasema lile neno la "hali" lichukulie kama mtu alipita siku fulani akagonga mlango hakuitikiwa, akaandika wamehama. Wewe unatakiwa ujue alipita lini na aligonga mlango gani.

HATUA YA 1. Angalia makala inasema "ni" au "ilikuwa". Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, Commodore 64 yenyewe iliyotoka 1982 na kuacha kutengenezwa 1994 bado inaandikwa "ni kompyuta", kwa sababu mashine zipo mezani kwa watu. Ila saiti inayohusu mashine hiyohiyo ikizimwa inageuzwa "ilikuwa". Kwahiyo hiko kitenzi kimoja kina uzito, mtu mmoja akikibadilisha wasomaji wote wanaokuja nyuma yake wanaacha kuitafuta.

HATUA YA 2. Fungua historia ya makala. Hapa usiwe mvivu, hapa ndo penyewe. Kila badiliko lina tarehe na saa, rudi nyuma mpaka umpate aliyeandika "haipo", alafu angalia kama aliweka chanzo chochote. Kama hakuna tangazo la wenye saiti, hakuna habari ya gazeti, hakuna kitu, basi kuna uwezekano alifungua siku seva (kompyuta inayobeba saiti) iko chini akahitimisha. Soma na ukurasa wa majadiliano, mara nyingi kuna mtu alishalalamika humo zamani na hakujibiwa.

HATUA YA 3. Ifungue mwenyewe, na usome jibu la seva, yaani ile namba ya kosa inayotokea. 503 maana yake seva imezidiwa au iko matengenezo, huo sio msiba. 404 ni peji hiyo tu haijapatikana, jaribu mwanzo wa saiti. 410 ndo wenyewe wanakwambia tumekiondoa makusudi. Ukikuta matangazo matupu ya kuuza jina la saiti, hapo jina limeisha muda na halikulipiwa, lakini bado haikwambii kama watu wamehamia kwingine.

HATUA YA 4. Nenda Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za zamani za saiti, weka anwani ya zamani, chagua mwaka itakuja kalenda yenye viduara. Bluu ni nakala imepatikana vizuri, kijani seva ilikuelekeza anwani nyingine, machungwa ni makosa ya kundi la 400, nyekundu ni ya 500. Kwenye ile saiti ya Commodore nilikuta bluu miaka kibao alafu kijani zimefuatana, nikabofya kijani moja ikanipeleka nyumba mpya. Dakika tano tu.

HATUA YA 5. Sahihisha. Usiandike "kwa sasa inafanya kazi", hiyo "kwa sasa" itakuwa uongo siku moja, andika kufikia mwezi fulani mwaka fulani, na uweke linki ya tangazo lao la kuhama. Wikipedia inaruhusu saiti itumike kama chanzo cha mambo ya kawaida kuhusu yenyewe, kwahiyo tangazo lao linatosha.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Sakina: Mkuu, AtariAge, saiti ya wapenzi wa mashine za michezo za Atari, ilinunuliwa na kampuni ya Atari, sasa hiyo tunaiitaje?
Ipo hai. Ilianza 1998, 2023 ndo Atari wakainunua. Kubadilika mwenye mali andika kwenye sehemu ya mmiliki, usiguse hali.

Dada wa Njiro: Kaka na saiti ikizimwa alafu watu wakaweka nakala yake kwingine?
Dada swali zuri na hapa watu wanagombana kweli. Home of the Underdogs, saiti ya michezo ya zamani ya kompyuta, ilianza 1998, 2009 ikazimika, wapenzi wakaifufua kwenye anwani zingine. Mimi naona useme yote mawili, ya awali ilizimika mwaka fulani na nakala zinapatikana, ukiandika tu "haipo" unamnyima msomaji michezo yote ile, ukiandika "ipo" unawafuta walioianzisha.

Mdau wa Majengo: Meku, makala ya saiti yetu imefutwa kabisa Wikipedia, si ndo wanasema imekufa?
Hapana meku. Kufutwa mara nyingi ni kwa kukosa vyanzo huru vya kuthibitisha umuhimu wake, saiti inaweza kuwa na watu kila siku na isiwe na makala. Na kinyume chake pia, saiti ikizimwa makala haifutwi kwa sababu hiyo, umuhimu ukishathibitishwa hauishi muda.

Mdau wa Kaloleni: Kwenye Wikipedia ya Kiswahili nifanyeje, naona ya Kiingereza wamesharekebisha?
Rekebisha kwa mkono, matoleo ya lugha hayafuatani yenyewe. Kopi na chanzo pia, sio sentensi peke yake.

Dada wa Njiro: Na ile Commodore ilipona?
Ilipona dada. Bodi yangu ni ya yale matoleo yenye chipu 8 za memori aina ya 4164, fundi mmoja Ngarenaro alinisaidia kuzing'oa bila kuunguza bodi, na adapta nikabadilisha. Ila kila nikitaka kuwasha napima kwanza, jana mita ilisoma volti 5.04.