Ramani ya gemu inayoaminika: mito kwanza, urembo baadaye

Kuna jamaa wa kundi letu anajiandaa kuendesha kampeni yake ya kwanza (hadithi ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao) ya Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, akaniletea ramani nikaikague. Rangi safi, majoka pembeni, ila mto wake ulikuwa unatoka bahari hii unatokea bahari ile na katikati unakatiza safu ya milima. Wachezaji wakiona kitu kama hicho wanaacha kucheza wanaanza kukuhoji. Kwa hiyo hivi ndo tulivyoirekebisha.

1. Penseli na karatasi
Programu baadaye. Chora pwani, na usiipindepinde sawasawa kila mahali, sehemu nyingine iache imenyooka tu.

2. Milima
Ipange kwa safu, usiimwage mwage. Ukitaka mlima mkubwa uliosimama peke yake ufanye volkano, kama Kilimanjaro.

3. Mito
Hapa kaa chini kabisa, manake ndo panapokula masaa.

Kabla hujachora mto hata mmoja, pitisha mistari ya vidoti juu ya migongo yote ya milima. Maji ya upande huu hayavuki kwenda upande ule, basi, kila eneo lililozungushiwa vidoti lina mto wake mkuu. Halafu anzia mdomoni, baharini, panda nao kwenda juu ukigawa matawi kama mti, shina liko baharini na matawi yako milimani. Ukianzia juu kushuka chini mkono unashawishika kuugawa mto mara mbili, na mito haigawanyiki hovyo, inaungana. Inapogawanyika ni kwenye delta, kama Rufiji inavyofanya kabla ya kuingia baharini mkabala na Mafia. Najua utaniambia kuna mto Casiquiare kule Venezuela, unachota maji ya Orinoco unayapeleka Rio Negro, tawi la Amazon. Sawa, upo, ndo maana una jina duniani kote. Na wewe weka mmoja, ila uupe hadithi.

Maziwa: mito mingi inaingia, mmoja unatoka. Ziwa Victoria linapokea Kagera na wenzake, ila kutoka ni pale Jinja tu. Ziwa lisilo na pa kutokea kwenye nchi kavu mara nyingi linakuwa la chumvi au magadi, kama Natron, na hiyo usiiogope kabisa, itumie: chumvi ni biashara, biashara ni misafara, misafara ni majambazi, hapo tayari una kazi ya usiku mzima.

Kingine, mto sio lazima uende bahari ya karibu. Chambeshi unaanzia kaskazini mashariki mwa Zambia, upande wa Bahari ya Hindi ndo karibu, lakini maji yake yanaishia Atlantiki kupitia Kongo. Fuata mteremko, usifuate rula. Na ukishamaliza mito USIHAMISHE mlima, ukihamisha mmoja vidoti vyote vya jirani vimekufa, unarudia.

4. Mvua
Chagua upepo unatoka wapi, chora mshale. Upande wa mlima unaopigwa na upepo wa bahari weka msitu, nyuma yake weka ukame. Usambara kuna misitu minene, ukivuka upande wa pili unakutana na nyika ya Mkomazi. Ukiona jangwa lako limekaa tu bila mlima wala sababu nyingine, lifute.

5. Miji
Kila mji ujibu swali "kwa nini hapa?" Kivuko, bandari yenye kina, au njia panda. Tabora ilikua kwa sababu misafara kutoka pwani iligawanyika pale, mingine Ujiji, mingine kuelekea Ziwa Victoria.

6. Vipimo
Gawa ramani yote kwa pembesita, kila moja kilomita 10. Mtu mwenye mzigo kwenye njia nzuri anapita tatu kwa siku, msituni au matopeni kata nusu. Imeisha.

7. Sasa fungua kompyuta
Piga picha karatasi, iweke chini kabisa kwenye Krita, programu ya kuchorea, chora juu yake. Ni ya bure na leya zake (tabaka unazochora moja juu ya nyingine) hazisumbui. Kwa programu za ramani tupu, Inkarnate ina vijipicha vizuri, ila ramani zake nyingi nazitambua kwa mbali, na vitu vingi vizuri vimefungiwa kwenye toleo la kulipia. Wonderdraft unalipa mara moja, hiyo siipingi. Jenereta ya Azgaar ni ya bure pia, inakutemea ramani ya dunia nzima kwa sekunde, mi naitumia kuiba majina na mawazo tu. Mito, barabara na majina kila kimoja leya yake, tafadhali.

Toa nakala mbili. Yako ina kila kitu. Ya wachezaji ikose vitu, hata mto mmoja upindie pasipo, manake aliyeichora huko ndani ya gemu naye hakufika kila mahali, alisimuliwa na wafanyabiashara.