Kabati la vipande likilegea, tibu tundu kabla ya skrubu

Kabati lililonunuliwa vipande vipande kwenye boksi likianza kuyumba, wengi hukimbilia bisibisi. Wanakaza, linatulia siku mbili tatu, linayumba tena, wanakaza zaidi, mpaka skrubu inazunguka bure bila kushika kitu. Hapo kabati linatolewa nje kusubiri gari la taka, nami huumia kila nikiliona. Fanicha hizi nazitengeneza mwenyewe, zangu na za ndugu zangu, na nasema bila kusita: mara nyingi skrubu ni nzima na bodi ni nzima. Kilichochoka ni tundu.

Elewa kwanza bodi yenyewe. Hiyo ni chipubodi: chembe za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto, kisha zikavishwa ngozi nyembamba ya melamini. Unene wake kwa kawaida ni milimita 16 au 18. Haina nyuzi ndefu kama mbao ya mti, kwa hiyo skrubu ikichezacheza husaga chembe zilizoizunguka. Ichomoe uangalie: utakuta unga laini umeshikilia kwenye meno yake. Ule unga ndio uliokuwa ukuta wa tundu, na ukizidi kukaza unausaga uliobaki.

Bisibisi nayo ina mambo yake. Tazama kichwa cha skrubu kwa karibu. Ukiona msalaba, na katikati ya mikono yake kuna vistari vinne vyembamba, hiyo ni Pozidriv, na saizi inayotumika sana kwenye fanicha ni PZ2. Bisibisi ya msalaba wa kawaida huingia humo lakini haikai sawasawa. Inateleza na kula kichwa. Tafuta inayolingana kabla hujagusa kitu.

Sasa tundu. Chomoa skrubu, kung'uta unga wote, na pulizia ndani kwa mrija huku umefumba macho. Kama tundu limelegea kidogo tu, na ni la skrubu ndogo kama ya mpini wa droo au reli yake, vijiti vya meno vinatosha. Vichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao, vijaze tunduni mpaka kisiingie kingine, acha vikauke usiku kucha, kata vilivyochomoza kwa kisu kikali, kisha rudisha skrubu polepole kwa mkono.

Bawaba ya mlango ni habari nyingine, maana inabeba uzito kila mlango ukifunguliwa. Vijiti vya meno hapo ni kujidanganya. Panua tundu kwa drili ya milimita 8 na upachike kijiti cha mbao cha unene huohuo, vile vyenye mifereji pembeni ambavyo huja na fanicha yenyewe na huuzwa pia peke yake. Kabla ya kutoboa, pima kina kwenye ncha ya drili na uzungushie utepe wa karatasi wenye gundi kama alama: kwa bodi ya milimita 16, simama kwenye milimita 12. Ukipitiliza unatokea upande wa pili, na kidonda kwenye melamini hakifichiki. Paka gundi ndani ya tundu na kwenye kijiti, kigonge taratibu, futa iliyomwagika kwa kitambaa chenye maji. Subiri saa 24. Gundi huonekana kavu mapema zaidi, lakini nguvu yake kamili haijafika. Kisha kata kijiti kiwe sawa na bodi, toboa katikati yake kitundu cha milimita 2.5 cha kuongozea, na ufunge bawaba. Sasa skrubu inauma mbao ya kweli, na hushika imara.

Kumbuka gundi nyeupe hushika bodi iliyo uchi tu. Juu ya melamini hubanduka kama gamba, basi kwaruza ngozi hiyo kwanza pale unapotaka kuunganisha.

Kuna kile kichuma cha duara kinachozungushwa kwa bisibisi ili kikamate kichwa cha pini. Pini ikilegea, tundu lake hutibiwa hivyohivyo. Lakini pale kichuma chenyewe kinapokaa pakimeguka, mimi sihangaiki napo. Nafunga chuma cha pembe ndani ya kona, mahali pasipoonekana, kwa skrubu fupi zisizozidi unene wa bodi.

Baada ya hapo nenda nyuma ya kabati, sehemu ambayo watu huisahau. Ule ubao mwembamba wa mgongoni, wa milimita 3 hivi, ndio unaozuia kabati lisilale upande. Misumari yake midogo ikichomoka, hata kona ukizitibu vipi kabati litayumba. Lilaze kifudifudi kwenye sakafu iliyo sawa, upime kwa futi kutoka kona hadi kona, ulalo mmoja na mwingine. Vipimo vikitofautiana, sukuma kona ya ulalo ulio mrefu mpaka vilingane. Ndipo ufunge mgongo upya kwa skrubu ndogo zenye vichwa vipana, kila sentimita 10 hadi 15, na usizirudishe kwenye matundu ya zamani. Milango iliyokuwa haikutani mara nyingi hujirudi yenyewe ukishanyoosha mgongo. Ikibaki tofauti ndogo, bawaba za kisasa zina skrubu za kusogeza mlango pembeni, mbele na nyuma. Zungusha robo mzunguko, funga mlango, tazama, rudia.

Rafu iliyopinda igeuze juu chini, uzito utainyoosha. Ikiwa ni ndefu itapinda tena, kwa hiyo ifungie kipande cha mbao ya kweli chini ya ukingo wa mbele, kwa gundi na skrubu.

Maji ndiyo adui mkubwa. Chipubodi ikishavimba hairudi unene wake, hata ukiianika. Uvimbe mdogo wa ukingoni unaweza kuudhibiti: acha ukauke kabisa, lowesha chembe zilizolegea kwa gundi, uzibane kati ya vipande viwili vya mbao vilivyofungwa nailoni, na kesho yake piga msasa. Vaa barakoa na fanya kazi hiyo nje, kwani vumbi la bodi hizi lina gundi ya kiwandani. Kisha bandika ukanda mpya wa ukingo kwa pasi ya moto wa wastani isiyo na mvuke, ukiukandamiza kwa kipande cha mbao wakati bado una joto. Lakini bodi iliyovimba katikati au chini ya miguu, badilisha kipande kizima. Kuweka puti juu yake ni kupoteza jioni yako.

Ukimaliza, usilisimamishe kabati refu au la droo bila kulifunga ukutani. Mtoto akivuta droo mbili na kupanda, linamwangukia. Funga chuma cha pembe au mkanda wa kuzuia kuanguka, upande mmoja kwenye ubao mnene wa juu wala si kwenye ule wa mgongoni, upande wa pili kwenye ukuta kwa skrubu na plagi (kile kishikizi kinachotangulia tunduni ili skrubu ishike) inayofaa ukuta huo. Livute kwa mikono miwili kutoka juu. Likitikisika, kaza tena. Likitulia, rudisha vitu, vizito vikianza droo za chini.