Kabla hujafunga hita ya gesi: moshi wake utatokea wapi?

Dukani watu huuliza hita ni ya lita ngapi na bei yake. Swali la kutangulia ni jingine: moshi wake utatokea wapi? Wengi hulikumbuka fundi akiwa ameshatoboa ukuta, na hita huishia ndani ya bafu, juu ya kichwa cha anayeoga, bila dohani yoyote, yaani bomba la kutolea moshi. Njombe, Limuru au Eldoret, ambako maji ya alfajiri huuma vidole, watu huoga wakiwa wamefunga mlango na dirisha. Hatari iko hapo.

Tupige hesabu. Hita ndogo inayotoa lita 6 kwa dakika na kupandisha joto la maji kwa nyuzi 25 hutumia nguvu ya kilowati 10 na ushei. Kwa saa moja huunguza karibu kilo moja ya gesi, na kilo hiyo huhitaji takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue sawasawa. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.5, lina mita za ujazo 7.5 tu. Wala moto hausubiri hewa iishe yote. Oksijeni ikipungua kidogo kutoka asilimia 21 ya kawaida, gesi huanza kuungua nusunusu na kutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu humlegea. Akidhani ni mvuke tu, huendelea kuoga. Na usitegemee pua: harufu iliyotiwa kwenye gesi ya mtungi hutangaza gesi inayovuja, haitangazi iliyokwisha kuungua.

Kwa maoni yangu, mahali bora ni ukuta wa nje chini ya upenu, mradi hita iwe imetengenezwa kukaa nje. Ikibidi iwe ndani, tafuta ile iliyofungwa kabisa, yenye bomba ndani ya bomba: njia moja huvuta hewa ya nje, nyingine hutoa moshi. Hita inayovuta hewa ya chumbani haifai bafuni wala chumba cha kulala, hata ikiwa na dohani. Fundi akikwambia dirisha linatosha, usikubali. Dirisha hufungwa.

Dohani yenyewe iangalie kwa macho yako. Iwe ya chuma kinachotajwa kwenye kijitabu cha hita; bomba la PVC la maji taka hulegea kwa joto la moshi na maungio yake huachia. Upana wake usipunguzwe kuliko mdomo wa hita, na kona ziwe chache. Kama moshi unapanda wenyewe bila feni, bomba lazima lielekee juu safari nzima. Hata sehemu inayolala iinuke angalau sentimita 2 kwa kila mita. Hita nyingi za feni hutaka bomba liinamie nje kidogo ili maji ya mvua yasirudi ndani, ila zipo zinazotaka kinyume chake, kwa hiyo kijitabu ndicho kiamue.

Mdomo wa dohani utoke nje kwelikweli. Usiishie darini, wala kwenye ukumbi, wala kwenye uwazi mwembamba wa ghorofa ambako madirisha ya majirani yanafunguka. Kanuni za Marekani kwa hita za feni hutaka mdomo uwe angalau mita 1.2 chini au kando ya dirisha au mlango, au sentimita 30 juu yake. Ni kipimo kizuri cha kuanzia pale kijitabu kinaponyamaza.

Kama hita inavuta hewa ya chumbani, matundu ya ukutani yabaki wazi daima. Watu huyaziba kwa vitambaa kwa ajili ya mbu. Weka wavu, na uusafishe. Feni ya kutoa moshi wa jikoni nayo inaweza kuvuta moshi wa hita urudi ndani. Jaribu hivi: funga milango na madirisha, washa feni hiyo, acha hita iwake dakika kadhaa, kisha sogeza kijiti cha udi kinachofuka kwenye uwazi ulio chini ya dohani. Moshi wa udi ukivutwa juu, vizuri. Ukirudishwa usoni pako, zima hita.

Mtungi ukae nje, wima, mbali na mashimo na mitaro, kwa kuwa gesi yake ni nzito kuliko hewa. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni.

Wa nyanda za juu waulize pia kama hita imerekebishwa kwa mwinuko wao. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, na moto uliopangiwa Mombasa unaweza kuwaka wa njano huko. Unatakiwa uwe wa buluu.

Mwisho, nunua king'ora cha kaboni monoksaidi na ukiweke karibu na mnapolala. Kikilia, tokeni wote nje kwanza, fungeni mtungi, na hita isiwashwe tena hadi fundi aikague dohani yote, pamoja na viota vya ndege.