Kabla hujalipia chupa ya mvinyo mwekundu hapa Kigoma

Ndugu zangu, tazama kwanza chupa imekaa wapi dukani. Iliyosimama dirishani ikipigwa jua, iache hata kama imeshushwa bei, maana joto huua mvinyo. Ukiona kizibo kimesukumwa juu, huenda tayari imepata joto kali.

Halafu soma jina la zabibu. Cabernet Sauvignon na Shiraz ni mizito, ina tanini nyingi, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa mno na majani. Hiyo ni ya nyama choma yenye mafuta. Ukiinywa na mgebuka, mara nyingi utasikia ladha ya chuma mdomoni, na samaki mzuri wa ziwa letu hastahili hivyo! Kwa mgebuka wa kuchoma tafuta mwepesi, kama Pinot Noir. Pinotage ya Afrika Kusini ilizaliwa mwaka 1925 kwa kupandanisha mizabibu ya Pinot Noir na Cinsaut. Ni nzuri kwa kujaribu. Ya Dodoma nayo usiipite, hasa ya zabibu ya Makutupora.

Nunueni chupa mbili za zabibu tofauti, wewe na wenzako, mwonje kwa zamu siku hiyo hiyo. Ndivyo ulimi unavyojifunza haraka.

Na wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wanamaanisha nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Kigoma kina joto zaidi. Weka chupa kwenye friji nusu saa kwanza.