Kwa nini jirani anaiba maji ya zamu, na nini kitamfanya aache

Pita kwenye mfereji wa skimu ya mpunga usiku, maji yakiwa machache, utakuta tochi. Mtu yumo ndani ya maji hadi magotini, ameziba mfereji kwa kiroba cha mchanga, maji yanaingia jarubani kwake na zamu si yake. Mchana, mkutanoni, huyohuyo ndiye anayetaka wizi wa maji ukome. Namwamini kabisa.

Fanyeni hesabu yake. Tuseme wawili mkifuata zamu, kila mmoja anavuna gunia 20. Ukiiba peke yako unapata 23, mwenzako 9. Mkiiba wote, kila mmoja 14. Jirani akiwa mwaminifu, kuiba kunakuongezea gunia 3; akiwa mwizi, kuiba kunakuokolea 5. Vyovyote atakavyofanya, unaona heri kuiba, naye anaona vivyo hivyo. Basi mnakwama kwenye 14, na atakayeacha peke yake anaumia. Mwanahisabati wa Marekani, John Nash, aliieleza hali hiyo mwaka 1950: msawazo, mahali ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake. Ndiyo maana kuhubiri uaminifu tu hakujazi jaruba la mtu aliye mwisho wa mfereji.

Badilisheni hesabu yenyewe. Kama mwizi hukamatwa mara moja katika mbili, faini ya gunia 3 haimtishi. Lazima izidi 6 jirani akiwa mwaminifu, na izidi 10 jirani akiwa mwizi, ndipo nusu yake ipite faida ya kuiba. Na mlinzi bora ni yule anayefuata kwenye zamu, kwa sababu maji yakichelewa ni yake yanayopotea. Zamu ziandikwe kwa saa na zibandikwe kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mferejini, ili ajue dakika ya kufika na jembe lake.

Kuna jambo ambalo wengi hawalisemi: anayejaza jaruba hadi tuta linafurika mara nyingi hajazi kwa ajili ya mpunga, anajaza kwa hofu kwamba kesho maji hayatafika. Kwenye kilimo shadidi, yaani kulima mpunga kwa maji machache, sentimita 2 au 3 zinatosha, kisha udongo unaachwa ukauke hadi uanze kupasuka nyufa ndogo, mizizi ivute hewa na kushuka chini. Lakini hakuna atakayethubutu kukausha kama haamini zamu ijayo. Kwa hiyo msianze na shadidi. Anzeni na ratiba, muisimamie msimu mzima bila kumpendelea kiongozi yeyote, kisha mjaribu kukausha jaruba mojamoja, mkianzia kwa walio karibu na banio.